Namna ya kubeba mzigo wa kozi ya klinikal ofisa bila kuvunjika

Hii nawaandikia wadogo zangu wa hapa Uganda mlioko Mbale, Gulu, Fort Portal na kwenye vile vyuo vya binafsi, hasa nyinyi wa semista ya kwanza na ya pili ambao mmeanza kujiuliza usiku kama mlichagua kozi sahihi. Mimi ni klinikal ofisa, yaani mtabibu anayepima na kutibu wagonjwa bila kuwa daktari kamili, nafanya kazi huku mashariki karibu na mpaka, tunapokea wanafunzi wa mazoezi kila mara na maswali wanayoniuliza saa ya chai ni yale yale: nisome saa ngapi kwa siku, nianze na nini, mbona wenzangu wanaonekana wameelewa, na nikianguka nitamwambia nini mzee aliyeuza ng'ombe anilipie fizi (ada ya chuo). Nimeona nijibu yote mahali pamoja, manake naona watoto wazuri wanaokonda bure, wengine wanaacha chuo kabisa, na wengi wao hawakukosa akili bali walikosa mtu wa kuwaelekeza.

Kwanza elewa kwamba mzigo ni mkubwa kwa sababu kozi yenyewe imetengenezwa hivyo. Diploma ya klinikal medisini na afya ya jamii ni miaka 3, na ndani ya hiyo miaka mitatu wanakupakia anatomia, fisiolojia, famakolojia, mikrobiolojia, magonjwa ya watoto, uzazi, upasuaji, akili, macho, afya ya jamii, utawala wa kituo, alafu na wodi juu. Siyo Uganda peke yake. Marekani wana mwenzetu wanayemwita Physician Assistant, kozi yao ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 na wanafunzi wanne waliokuwa wahudumu wa tiba kwenye jeshi la majini, na mpaka leo wengi wanaimaliza kwa karibu miezi 27, na wao pia wanalia kilio hiki hiki. Wazo lilikuwa moja huko na huku, kuchukua udaktari wa kila siku na kuubana kwenye muda mfupi ili watu wapate wa kuwatibu. Kwa hiyo ukijiona unazama wiki ya tatu usiseme kichwa changu ni kibovu. Ni mtaala umebanwa, na kitu kilichobanwa kinataka mpangilio kuliko kinavyotaka masaa.

Na mpangilio ninaouamini mimi unatoka kwenye swali moja tu: ukimaliza utakaa wapi? Wengi wenu mtakaa kwenye Helth Senta III, kile kituo cha afya cha vijijini, na pale klinikal ofisa ndiye mkubwa, hakuna daktari nyuma yako, kuna wewe, sista, mtu wa maabara na askari wa geti. Saa nane usiku boda inaleta mtoto anayetetemeka degedege. Hilo ndilo linaamua usome nini kwanza. Magonjwa yanayoua kabla ya asubuhi yanajulikana na siyo mengi: malaria kali, nimonia, kuhara na kuishiwa maji, upungufu mkali wa damu, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, sepsisi (maambukizi yaliyoenea mwilini), sukari iliyoshuka, sumu na nyoka, ajali. Haya uyajue mpaka ukiamshwa usingizini unayataja na dozi zake. Artesuneti, ile sindano ya malaria kali, mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4, saa ya sifuri, ya 12 na ya 24. Pumzi za nimonia ni 50 na kuendelea kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, na 40 na kuendelea kwa wa mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano. Mtoto aliyeishiwa maji kiasi unampa ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) mililita 75 kwa kilo ndani ya masaa 4. Mama amejifungua, oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Hizi namba ukizishika mwaka wa kwanza, utashangaa hofu inavyopungua, manake nusu ya presha ya hii kozi ni kuogopa kwamba siku moja mtu atakufa mikononi mwako kwa sababu hukujua.

Yale mengine, ile sindromu adimu ambayo mwalimu alitaja dakika mbili, yasome, lakini yasome baadaye, na usiyape usingizi wako. Naona wanafunzi wanakesha na jedwali la vimeng'enya vya maini na hawajui kupima upungufu wa maji kwa mtoto. Hapo umepindua kazi.

Kitabu chako cha kwanza kiwe mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya, ule tunaouita UCG (Uganda Clinical Guidelines), toleo la 2023 liko bure kwenye mtandao, liweke kwenye simu hata kama simu yako ni ndogo. Vitabu vinene vya Uingereza ni vizuri kwa kuelewa kwa nini ugonjwa unafanya vile, ila kwa swali la utafanya nini na dawa iliyoko kwenye stoo yako, UCG ndiyo inakujibu kwa lugha ya mahali ulipo.

Kusoma kwenyewe

Sasa namna ya kusoma, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo watu wanapoteza masaa mengi. Wengi wanasoma kwa kupiga mstari. Kalamu ya njano, kalamu ya pinki, notsi zinameremeta kama kanga ya sikukuu, alafu ukimfungia kitabu umuulize hatua za mzunguko wa vimelea vya malaria anabaki anakutazama. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua kwa sababu macho yameshazoea ukurasa. Kuna jaribio la mwaka 2006 la Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, kundi moja likasoma tena, kundi lingine likajipima bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wa bodi hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma mada mara moja kwa utulivu, funga daftari, chukua karatasi tupu andika kila unachokumbuka, hata kama ni fujo. Alafu fungua uone ulichoacha, na hicho ulichoacha ndicho unakigeuza kuwa swali. Maswali yako yaweke kwenye kadi za kukata kwa mkasi au kwenye programu ya AnkiDroid, ni ya bure na ikishaingia kwenye simu haitaki bandoli ya intaneti, unaweza kuifungua ukiwa kwenye foleni ya posho (ugali). Rudia swali kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu wiki, alafu wiki mbili. Yule Mjerumani Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana siku za mwanzo na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunazuia hilo, kwa hiyo siyo fasheni ya jana. Robo saa kila asubuhi ya maswali ya zamani inashinda usiku mzima wa Jumapili.

Kikundi cha kusoma nakipenda sana lakini kiwe kidogo, watu watatu mpaka watano, na kiwe na sheria kwamba kila mtu anakuja amesoma na kila mtu anafundisha kipande. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini moyo ukichoka miguu inavimba, umeelewa. Ukishindwa bila kukimbilia maneno makubwa ya kitabuni, bado. Na kikundi cha watu kumi na tano kile ni kijiwe, mtaongea mambo ya Arsenal na Man U mpaka saa nne usiku, kila mtu aende kulala akiamini amesoma.

Mitihani ya nyuma itafute mapema, siyo wiki ya mwisho. Siyo kwa ajili ya kubahatisha maswali, hapana, ni uone wanauliza kwa namna gani, manake kuna watu wanajua kabisa ugonjwa lakini swali linasema "eleza hatua za kwanza" na yeye anaandika visababishi kurasa tatu.

Mgonjwa mmoja ni sura tano

Watu wanalalamika kwamba wodi inawala muda wa kusoma. Mimi nasema wodi ndiyo kusoma, tatizo ni namna mnavyoingia. Mwanafunzi anafika saa mbili, anasimama nyuma ya raundi ya madaktari, anakimbiza saini ya logibuku (daftari la kuthibitisha mazoezi), anatoka. Masaa sita yamekwenda na hakuna kitu kichwani. Hiyo kweli inachosha, na usiku inabidi uanze upya na kitabu.

Chagua mgonjwa mmoja kwa siku, mmoja tu, awe wako. Tuseme ni mtoto wa miaka miwili kwenye wodi ya watoto, mama yake amekaa kwenye mkeka chini ya kitanda na termosi ya uji. Unachuchumaa uwe kimo chake, unamsalimia vizuri, "mama, poleni, usiku mmelalaje?", na unamuuliza homa ilianza lini, alitapika, alipata degedege, anakojoa, ananyonya, walimpa dawa gani nyumbani kabla ya kuja, na hapo kwenye dawa za nyumbani msikilize sana manake ndipo historia yenyewe inapokaa. Vuta kope la chini uangalie rangi, fungua kiganja chake ukilinganishe na chako, bonyeza kidole uhesabu sekunde damu inarudi, fungua shati uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa, usikadirie. Pima ini na bandama. Andika. Alafu jioni hiyo soma vitu vitano tu kutokana na huyo mtoto: vimelea vinapasua vipi chembe za damu, kwa nini sukari yake ilishuka, artesuneti inafanya kazi gani, ni lini anaongezewa damu, na utamwambia nini mama kuhusu neti. Hapo umesoma mikrobiolojia, fisiolojia, famakolojia, magonjwa ya watoto na afya ya jamii ndani ya saa moja na nusu, na hutasahau manake ina sura na jina. Kesho yake unamwangalia tena, amekaa, anakula ndizi, na hiyo peke yake inakurudishia nguvu ambayo hakuna kitabu kinakupa.

Ukiwasilisha mgonjwa kwenye raundi andika mistari mitano kwenye kikaratasi: ni nani, kaletwa na nini, umekuta nini, unadhani ni nini, utafanya nini. Usisome faili lote. Walimu wengi wanakuwa wakali kwa sababu mwanafunzi anazunguka zunguka, ukija umejipanga hata yule mkali anatulia. Na kama hujui sema sijui, nitasoma nilete kesho, na kesho ulete kweli hata kama hajauliza. Ukifanya hivyo mara chache tu utaona anaanza kukutafuta yeye mwenyewe akufundishe.

Lakini kuna ukali wa kufundisha na kuna kudhalilisha. Mtu akikutukana mbele ya wagonjwa kila siku, au mtu anakutaka kitu kingine ili akusainie logibuku, hiyo siyo sehemu ya mafunzo na usiibebe peke yako. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, mwambie kiongozi wa darasa na mwalimu mlezi au matroni, nenda na mwenzako mmoja. Dada zetu hasa, hili nawaambia kwa nguvu zote, usikubali kuitwa nyumba ya mtu wala ofisini jioni peke yako kwa ajili ya saini.

Siku, usiku na tumbo

Ratiba usiitengeneze ya malaika. Naona ratiba za ukutani zinaanza saa kumi alfajiri mpaka saa sita usiku, rangi saba, na siku ya tatu imekufa. Weka vipande vya dakika 25 au 40 za kusoma kweli, simu iko chumba kingine au kwa mwenzako, alafu pumzika dakika chache, simama, tembea, chota maji. Vipande vinne au vitano vya hivyo baada ya wodi vinatosha siku ya kawaida, na siku moja kwa wiki iwe na nusu siku isiyo na kitabu kabisa, kanisani, msikitini, mpirani, kufua, kulala, chochote, na usijione una hatia. Umeme ukikatika usiseme siku imekwenda, jioni za giza ndizo za kuulizana maswali kwa mdomo, mmekaa kwenye ngazi za hosteli, na wengi wanakumbuka hizo kuliko zile za mezani.

Usingizi ndio kitu mnachokiuza bei rahisi kuliko vyote. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, na ubongo unapanga kumbukumbu wakati umelala, kwa hiyo anayekesha kila siku anamwaga maji kwenye debe lililotoboka. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, kafeini yake inakaa mwilini masaa mengi, baada ya kama masaa matano nusu yake bado iko, ukinywa saa nne usiku saa tisa bado inakusukuma, alafu asubuhi unahitaji mbili. Acha kunywa baada ya saa nane mchana. Ukiwa na zamu ya usiku lala mchana kabla, hata saa moja na nusu, na ukitoka zamu usijilazimishe kwenda darasani ukaanguke, ongea na mwalimu mapema.

Chakula, najua hela ni ndogo. Kikomando siyo adui, chapati na maharage ina wanga na protini, ongeza nyanya, kabichi au parachichi wakati wa msimu, yai kwenye rolex (chapati iliyoviringishwa na yai), karanga mfukoni kwa ajili ya zile saa za wodi. Kinachowaua ni kukaa na chai kavu mpaka saa tisa alafu unashangaa mikono inatetemeka na hasira inapanda juu ya kila mtu. Chupa ya maji utembee nayo.

Na fizi, jamani, hii ndiyo presha kubwa ambayo hakuna mwalimu anayeiweka kwenye mtaala. Nimeona wanafunzi wakisoma vizuri semista nzima alafu wiki ya mtihani wanafukuzana na ofisi ya malipo kwa ajili ya kibali cha kuingia chumbani. Ukijua hela haitatimia, nenda kwa basa (mhasibu wa chuo) mwanzoni mwa semista na siyo mwishoni, uliza kama unaweza kulipa kwa mafungu, na mkubaliane kwa maandishi, tunza risiti zote kwenye bahasha moja na picha zake kwenye simu. Ndugu ambao wako tayari kusaidia waambie kiasi kamili na tarehe kamili, manake mjomba ukimwambia "nisaidie kidogo" atatuma vocha, ukimwambia laki mbili kabla ya tarehe 10 anajua afanye nini. Biashara ndogo za wikendi ni sawa kama hazigusi usingizi. Ila mikopo ya kwenye simu iogope, riba yake inakukimbiza ukiwa darasani.

Mambo ambayo wodi inakufanyia moyoni

Siku ya kwanza mgonjwa wako anakufa, hakuna mtu atakayekuandaa. Unaweza ukatoka nje ukakuta watu wanakula miwa kama kawaida, wewe miguu haina nguvu. Wengine hawalii, wanaanza kuota, au wanakosa hamu ya kwenda wodi hiyo tena. Hii ni kawaida ya binadamu, siyo udhaifu. Siku hiyo hiyo tafuta mtu aliyekuwepo, mwanafunzi mwenzako au sista mzee wa wodi, na muongee kilichotokea hatua kwa hatua, tulifanya nini, tungeweza nini, ni kipi hakikuwa mikononi mwetu. Masista wazee wana hekima ya ajabu kwa hili, wamefunga macho ya wengi, kaa nao. Kama dini yako ina sala ya marehemu isali. Usiende moja kwa moja kwenye pombe.

Jambo lingine linalowanyima watu usingizi ni kujichoma sindano. Ikitokea usikamue kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, mwambie in-chaji (mkuu wa wodi) saa hiyo hiyo, pimwa, na kama inahitajika anza PEP (dawa za kuzuia VVU) haraka iwezekanavyo, isizidi masaa 72, unameza siku 28. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa, kugombezwa kunaisha jioni. Na kabla ya kuingia wodi kamilisha chanjo ya hepataitisi B, dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Aliyechanjwa anafanya kazi akiwa na moyo mwepesi zaidi.

Alafu kuna kuchoka ambako siyo kuchoka. Kuchoka kwa kawaida ukilala wikendi kunapungua. Lakini kama wiki mbili nzima hufurahii kitu chochote, usingizi haupo au unalala siku nzima, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, huwezi kushika hata ukurasa mmoja, hayo umeyasoma mwenyewe kwenye magonjwa ya akili, hizo ni dalili za sonona na wewe huna kinga nayo kwa sababu umevaa koti jeupe. Chukua yale maswali tisa ya PHQ-9 ya kupima sonona, yajibu kwa ukweli, ukifika alama 10 na kuendelea nenda kaonane na mtu. Hospitali za rufaa za mikoa zina yuniti ya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, tena huko ndiko wanakofundishwa wenzetu klinikal ofisa wa magonjwa ya akili, watu wanaoijua kozi yetu kutoka ndani. Ukianza kufikiria kufa, usisubiri miadi, mwambie mtu leo na usilale peke yako usiku huo. Na wewe mwenzake chumbani ukiambiwa hivyo usimwambie "omba tu", kaa naye, mpeleke.

Najua wengi wanaona aibu kuongea, wanaona dawa ya mawazo ni mambo ya wazungu. Lakini ushahidi mmoja mzuri sana kuhusu tiba ya kuongea kwa makundi ulitoka hapa hapa kwetu, vijiji vya Masaka na Rakai, matokeo yakatoka mwaka 2003. Wanaume makundi yao, wanawake yao, wanakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, anayeongoza ni mtu wa kawaida aliyefundishwa, siyo daktari bingwa, wanaongea kuhusu msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na sonona ilipungua sana ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata. Sasa kama wakulima wa Rakai waliweza kukaa chini ya mti na kuponyana, darasa la watu wanaosomea kutibu linashindwa nini? Anzisheni kitu kama hicho. Jioni moja kwa wiki, watu sita au saba, hakuna simu, hakuna notsi, kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje na kilichosemwa hakitoki nje. Mwanzoni mtaona aibu, mtacheka cheka. Endeleeni. Wanafunzi waliokuja kwetu wakiwa na kitu kama hicho walikuwa wanasaidiana zamu, wanakopeshana nauli, mmoja akiumwa wengine wanamwandikia notsi bila kuombwa.

Wazazi nao. Wengi wanadhani ukiingia chuo cha afya umeshakuwa musawo (daktari), kijiji kizima kinakupigia simu, mtoto wa shangazi ana upele, jaja (bibi) anaumwa goti, na kila mtu anataka jibu saa hiyo. Waambie kwa heshima, "mama, bado nasoma, mpelekeni kituoni, nitapiga Jumapili tujue anaendeleaje." Chagua saa moja ya wiki ya kupiga nyumbani na uwaambie, wataizoea. Na waambie ukweli wa matokeo mapema. Mzazi anaumia zaidi akisikia kutoka kwa mtoto wa jirani.

Ukipata ritek

Ritek, yaani kurudia mtihani ulioanguka, inauma, lakini siyo mwisho, na maklinikal ofisa wazuri mnaowaona kwenye vituo wengine wamezipitia. Siku mbili za kwanza usifanye uamuzi wowote, usifungashe mizigo, usifute kundi la darasa la WhatsApp. Siku ya tatu nenda kwa mwalimu wa somo umuulize ni sehemu gani hasa ulianguka, ni nadharia au ni vitendo, manake dawa yake ni tofauti. Kama ni nadharia, rudi kwenye maswali na karatasi tupu. Kama ni vitendo, kitabu hakitakusaidia hata kidogo, omba ruhusa ya kuingia wodini jioni au wikendi, mtafute mwenzako aliyefaulu akuangalie ukimpima mgonjwa kuanzia kunawa mikono mpaka kuaga, akuhesabie hatua unazoruka. Uliza ofisi ya masomo tarehe ya kujisajili, ada ya ritek na kama inakuzuia kuendelea na semista inayofuata, upate jibu kutoka ofisini na siyo kwa watu wa hosteli. Andika hiyo tarehe ukutani, piga simu nyumbani useme kiasi na siku, alafu anza na lile somo asubuhi, robo saa, kabla ya wodi.